Waliotutoka Salama

Ipo nchi moja, na tafadhali msiniulize iko wapi maana hata msimulizi ana familia, ambako watu hawafi. Si kwamba wameyashinda mauti. Makaburi yapo, tena yanajaa vizuri tu. Ila kwa maandishi hajafa mtu tangu Waraka Namba Tisa ulipotoka katika Wizara ya Afya, Uhai na Matumaini. Waraka huo, uliosainiwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Mtandika, ulieleza kwamba "kufa" ni neno kavu, halina malezi, linawavunja moyo wananchi na kuwatisha wageni. Kuanzia siku hiyo makarani wote wa hospitali na zahanati watumie maneno ya staha: ametutoka, ametangulia mbele ya haki, amepumzika, amelala usingizi wa milele. Karani achague mwenyewe, ilimradi azingatie hadhi ya mhusika.

Siwema Lugome, karani wa kumbukumbu katika Kituo cha Afya cha Mtambani, aliupenda waraka huo. Wazazi wake walikufa, samahani, walimtoka, akiwa hajaanza shule, akalelewa na dada yake Mwajabu, ambaye alikuwa mkali wa adabu kuliko chuo kizima cha maadili. Mwajabu alimfundisha kwamba msiba haupelekwi nyumbani kwa watu kama ngumi. Unabisha hodi, unaanza na neno laini, unakaa mkekani, ndipo mnalia pamoja. Kwa hiyo Siwema alipousoma waraka ule aliona serikali imepata malezi ya dada yake. Akaubandika ukutani juu ya meza, kwa gundi nyingi.

Mwaka uliofuata kikaja Kiunganishi.

Kililetwa na Mhandisi Ludoviko kutoka makao makuu, katika maboksi manne, pamoja na hotuba. Zamani, alisema Mhandisi, madaftari ya serikali yalikuwa kama majirani walionuniana. Hospitali haikujua mahakama inaandika nini, mahakama haikujua idara ya maji inaandika nini. Watu wakiharisha Mtambani, makao makuu walipata habari baada ya miezi mitatu, kwa barua yenye doa la chai. Sasa basi! Kila daftari la kielektroniki litazungumza na jingine papo kwa papo, na ugonjwa ukikohoa tu huku, Wizara inageuka kule.

"Na maji je?" Siwema aliuliza.

"Hapo ndipo patamu, dada yangu," Mhandisi alisema, akasugua viganja. "Hili Bomba lenu la Matumaini halina koki ya mkono, umeliona? Linafunguliwa na kufungwa na Kiunganishi. Kikihesabu vifo saba vya kuhara katika kata moja ndani ya siku kumi na nne, kinalifunga. Hakisubiri kikao. Hakisubiri sahihi. Hata Mheshimiwa Waziri mwenyewe hawezi kukizuia."

Siwema nusura amkumbatie. Miaka miwili nyuma kipindupindu kilipita Mtambani na kumaliza kazi yake yote wakati kikao cha dharura kingali kinasubiri akidi.

Kuna jambo dogo tu ambalo Mhandisi hakulitaja, kwa sababu hakulijua. Wataalamu waliokifundisha Kiunganishi kuhesabu vifo walilichukua neno lao katika sheria ya zamani, nalo lilikuwa "amekufa". Kamati ya Staha, iliyolipiga marufuku neno hilo, ilikaa katika jengo hilohilo, ghorofa hiyohiyo, mlango wa pili. Kiunganishi kiliunganisha kila kitu katika nchi ile isipokuwa milango hiyo miwili.

*

Mvua zilipoanza, wa kwanza kuletwa alikuwa Mzee Kilindo, fundi cherehani. Alikunywa maji ya bomba asubuhi, jioni akaletwa kwa toroli, kesho yake akawa hayupo tena. Siwema, kwa heshima ya mzee aliyemshonea sare za shule, aliandika: ametangulia mbele ya haki. Kiunganishi kikatafakari, kikaona mbele ya haki ni mahakamani, kikaipelekea mahakama taarifa. Wiki moja baadaye mjane alipokea hati ya wito. Mzee Kilindo alitakiwa afike mbele ya hakimu kueleza ametangulia kwa kesi ipi, na kwa nini hakusubiri tarehe yake.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu. Siwema akaandika amepumzika. Ofisi ya utumishi ikajibu papo kwa papo kwamba mstaafu hana haki ya likizo, arejee kituoni mara moja. Wa tatu alikuwa mama wa watoto watano, na huyo alilala usingizi wa milele kwenye kitanda namba nne. Kiunganishi kikakubali kwamba amelala, kikakifunga kitanda hicho asipewe mtu mwingine mpaka aliyelala aamke. Wauguzi wakawa wanawatundikia wagonjwa dripu sakafuni huku kitanda namba nne kimetandikwa shuka safi, kinalindwa na serikali.

Siwema hakuwa mtu wa kupenda usumbufu. Akajaribu neno lililobaki. Wa nne, ametutoka. Kiunganishi kikaweka alama ya kijani, kikanyamaza. Mahakama haikuita mtu, utumishi haukufoka, kitanda kikaachiwa. Siwema akashusha pumzi. Kuanzia hapo kila mtu alitutoka, na wale watatu wa mwanzo akarudi akawarekebisha ili nao watutoke. Akahesabu kwa vidole: watano, sita, saba. Akasimama dirishani kulitazama bomba likijifunga.

Bomba halikujifunga. Kina mama waliendelea kupanga ndoo, wakitaniana.

Saa kumi na mbili ya kila asubuhi simu zote za kata zililia kwa pamoja: "KATA YA MTAMBANI. VIFO: SIFURI. MAJI SALAMA. KUNYWA KWA AMANI." Watu walikuwa wakizika jeneza la nane na ujumbe huo wanao mfukoni. Si kwamba walikuwa wajinga. Waliona, wakanong'ona, wengine wakataja maji waziwazi. Lakini chemchemi ya Kwamkole ni mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, na kila aliyetaja maji alijibiwa jibu moja lenye akili kabisa: "Ingekuwa maji, bomba si lingejifunga?"

Siwema alikwenda kwa mkubwa wake, Mganga Mfawidhi Bwana Mapunda, mtu mpole aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Mfawidhi, tumeshapoteza watu tisa na mfumo unasema sifuri."

Bwana Mapunda alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akatazama skrini. "Sifuri," akakubali.

"Lakini wewe mwenyewe umewafumba macho!"

"Siwema mwanangu, niliyoyaona mimi ni mambo yangu binafsi. Nimeajiriwa kuona mfumo. Pengine ni mtandao. Ngoja hadi Jumatatu."

Siwema akangoja hadi Jumatatu. Hilo atalijutia maisha yake yote, kama mtakavyoona.

*

Mwajabu aliletwa Alhamisi ya wiki hiyo, skrini bado inasema sifuri. Siwema alikuwa amemsihi achemshe maji, na Mwajabu alikuwa amecheka. "Nichemshe maji yaliyozinduliwa na Waziri? Utanifanya nifungwe." Sasa alilala sakafuni kando ya kitanda kingine ambacho Kiunganishi kilikifunga kwa kosa jingine, macho yameingia ndani, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Siwema alimshikia chupa ya dripu kwa mkono wake hadi bega likafa ganzi.

"Siwema," Mwajabu alisema Ijumaa mchana, sauti imebaki uzi. "Wewe ndiye utakayeniandika."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nasema. Uniandike vizuri. Usije ukaniandika kama mbuzi."

Saa tisa alasiri Siwema aliketi mbele ya Kiunganishi. Alikuwa ameanza kulishuku lile neno "ametutoka". Tuseme ukweli, alikuwa amelishuku wiki nzima. Waraka Namba Tisa ulikuwa juu ya kichwa chake na neno lile la zamani lilikuwa chini ya vidole vyake. Lakini angelishikaje neno kavu vile akamtupia nalo Mwajabu, aliyemlea? Akaandika: ametutoka. Alama ya kijani ikawaka. Siwema akalilaza paji la uso juu ya meza na kulia.

Siku ya tatu baada ya maziko, wanawake wangali wamejaa uani wanaosha vyombo vya matanga, simu ya Mwajabu ikalia juu ya kabati. Siwema aliichukua akidhani ni mtu asiye na habari. Ulikuwa ujumbe.

"NDUGU MWAJABU LUGOME, HONGERA KWA KUTOKA! WIZARA INAKUJALI. UNAJISIKIAJE LEO? BONYEZA 1 KWA VIZURI, 2 KWA VIZURI SANA."

Siwema aliusoma mara nyingi. Kisha akaacha matanga, akavuka barabara na kanga yake ya msiba, akafungua ofisi na kuitafuta hesabu ya jumla ambayo hakuna karani aliyewahi kuombwa aitazame. Waliotoka hospitali baada ya kuhara sana: kumi na tisa. Vifo: sifuri. Akampigia Mhandisi Ludoviko.

"Mhandisi, mfumo unasoma 'ametutoka' kama 'ametoka'!"

"Kwani hakutoka?"

"Ametoka duniani!"

Vikasikika vitufe vya kompyuta vikibonyezwa. "Dunia," Mhandisi alisema hatimaye, "si kituo kilichosajiliwa."

"Basi niandike nini kihesabiwe kifo?"

"Neno la zamani lipo humo. Lakini limezuiwa na Waraka, na Waraka si idara yangu. Waulize Kamati ya Staha."

Kamati ya Staha ilipokea simu kwa adabu isiyo na mfano, ikampa pole ya msiba, ikamwahidi kwamba suala lake litajadiliwa kikaoni.

"Lini?"

"Akidi ikitimia, mama."

*

Badala ya kikao akaja Waziri. Kiunganishi kilikuwa kimegundua kwamba Mtambani inaongoza nchi nzima kwa uponyaji: wagonjwa mahututi kumi na tisa, waliotoka kumi na tisa. Likatengenezwa Kombe. Likajengwa turubai kando ya bomba. Bendi ya polisi ikafika na matarumbeta, na kata ikaja yote, maana viti vilikuwa vya bure na kila familia yenye mgonjwa ilipelekewa barua ya mwaliko.

Mheshimiwa Profesa Mtandika alizungumza muda mrefu na kwa hisia. "Ndugu wananchi, yapo mataifa makubwa, yenye hospitali za vioo, yanayopoteza watu. Kupoteza! Mtu mzima, na kitambulisho chake, anapotea! Sisi hatujampoteza hata mmoja. Kwa Kiunganishi, serikali yenu inajua kila mmoja wenu yuko wapi." Makofi yakapigwa kutoka safu ya mbele. "Sasa nataka niwashike mikono hawa mashujaa wetu. Karani, wasomee majina."

Siwema alisimama na karatasi. Akasoma la kwanza, Mzee Kilindo. Mjane wake, aliyekuwa amekaa katikati na hati ya mahakama mkobani, aliinamisha kichwa. Waziri akangoja huku ameunyosha mkono. Siwema akasoma jina la pili, la tatu, la nne. Mkono wa Waziri ulibaki hewani.

"Shomvi Kidege," Siwema akasoma.

Mwanamke mmoja akainuka taratibu. Alikuwa Bi Kidawa, mke wa Shomvi mchoma mkaa. "Mheshimiwa," alisema, "mume wangu ametutoka."

"Najua, mama, ndiyo maana tuko hapa! Ametoka lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Vizuri sana. Na sasa yuko wapi?"

Bi Kidawa alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mtu wa kumsaidia. Watu wote walikuwa wanatazama miguu yao. "Amepumzika," akasema.

"Kweli, kweli, apumzike, huyo alikuwa mgonjwa," alisema Waziri. "Msalimie ukimwona."

Bi Kidawa akaketi. Majina yakaendelea mpaka likafika la kumi na tisa, na Siwema akalisoma jina la dada yake mwenyewe karibu mno na kipaza sauti, hadi kikapiga mluzi.

"Na huyu naye, Mwajabu, yuko wapi?" aliuliza Waziri.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kulisema. Watu mia nne walikuwa wanamsikiliza, bomba liko hatua kumi, na kipaza sauti anacho mkononi. Siwema akafungua mdomo, na malezi yakamjibia.

"Ametutoka, Mheshimiwa."

"Hawa watu hawatulii nyumbani!" Waziri alisema, na safu ya mbele ikacheka hadi kofia zikaanguka. "Kumi na tisa wote wako matembezini! Huo ndio uponyaji, ndugu zangu." Akamkabidhi Bwana Mapunda Kombe. Bwana Mapunda alilipokea kwa mikono miwili, na machozi yalimtoka, na gazeti la kesho yake likaandika kwamba yalikuwa ya furaha.

Siwema alirudi nyumbani na aibu ambayo haikumwachia nafasi hata ya kuvua viatu. Alimwonea hasira Waziri, akamwonea hasira Mhandisi, lakini kubwa kuliko zote alijionea mwenyewe.

Asubuhi alifungua ofisi kabla ya watu wote. Akalitafuta jina la Mwajabu. Akafuta. Akaandika: amekufa.

Skrini ikawa nyekundu. "NENO HILI LIMEONDOLEWA KWA HESHIMA YA WANANCHI. KARANI ANAYELIHITAJI ATHIBITISHE KWA JINA NA NAMBA YAKE." Siwema akaandika jina lake na namba yake. "Nisamehe, dada," akasema kwa sauti, peke yake ofisini. Kisha Shomvi Kidege, amekufa. Mzee Kilindo, amekufa. Kila mara wekundu, kila mara jina na namba. Alipomaliza wa saba alisikia kupitia dirishani mlio wa chuma, *ka*, na kina mama wakipiga kelele kwamba bomba limekata. Hakuinuka. Aliendelea hadi wa kumi na tisa, kwa sababu na wale nao walikuwa watu.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba Kiunganishi, kwa mujibu wa kanuni, huliondoa neno lisilo na staha kwa mhusika na kumbandikia mwenye kulithibitisha. Kufika adhuhuri, Siwema Lugome alikuwa amekufa mara kumi na tisa.

Bwana Mapunda alimsomea skrini kwa masikitiko. "Nifanyeje, mwanangu? Mfumo umeona. Siwezi kukaa ofisini na, samahani, na mtu aliyetangulia."

"Bomba limefungwa?"

"Limefungwa."

"Basi mimi naenda nyumbani," Siwema alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alikula akashiba.

Watu walinung'unika, wakatukana serikali kwa sauti ya chini, wakachukua ndoo kwenda Kwamkole. Siku ya nne aliletwa mgonjwa mmoja tu. Siku ya sita hakuletwa mtu. Siku ya tisa wauguzi waliosha sakafu ya wodi, ikakauka, na haikulaliwa.

*

Huko makao makuu habari zilikuwa zimepokelewa kwa mshtuko. Mtumishi wa umma aliyekufa mara kumi na tisa kwa siku moja, tena ndani ya saa za kazi! Jambo hilo halikuwa na mfano. Kamati ya Staha ikapata akidi kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikaketi kutwa nzima kuandika salamu za rambirambi. Zilikuwa salamu nzuri kupita kiasi. Kwa kuwa vifo vilikuwa kumi na tisa, ziliandikwa nakala kumi na tisa, na Waziri mwenyewe akaziingiza katika Kiunganishi kwa ufunguo wake: "Kwa majonzi makubwa tunatangaza kwamba mpendwa wetu Siwema Lugome ametutoka."

Kiunganishi kikasoma. Ametoka. Mara kumi na tisa. Kikafuta vifo kumi na tisa, kikahesabu upya.

Siwema alikuwa njiani akitoka Kwamkole, ndoo kichwani, saa nne ya asubuhi, aliposikia simu za watu waliokuwa mbele yake zikilia zote kwa pamoja. Kisha akausikia ule mlio wa chuma, na sauti ya maji mengi yakianguka juu ya saruji. Akaitua ndoo katikati ya barabara na kukimbia.

Foleni ilikuwa imeshaanza. Siwema alijipenyeza akasimama mbele ya bomba, maji yakimlowesha mgongo. Bi Kidawa alikuwa wa kwanza. Alikuwa anasoma simu yake kwa kuisogeza mbali na macho.

"Inasema vifo sifuri," alisema Bi Kidawa. "Inasema maji salama. Siwema, hebu toka hapo."

"Kidawa dada yangu. Shomvi yuko wapi?"

"Unajua aliko. Ametutoka."

"Hapana. Amekufa."

Bi Kidawa alirudi nyuma kama aliyezabwa kofi. Hakuna mtu Mtambani aliyewahi kumwambia hivyo, wala kaburini, wala matangani.

"Amekufa kwa maji haya," Siwema alisema, na sasa alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja. "Mwajabu wangu amekufa. Mzee Kilindo amekufa. Hawakutoka. Hawako matembezini. Wamekufa!"

Kisha Bi Kidawa aliigeuza ndoo yake, kinywa chini, akaiketia palepale mbele ya bomba, akajifunika uso kwa kanga. "Shomvi wangu amekufa," akasema ndani ya kanga. Aliyemfuata akaigeuza ndoo yake. Na aliyemfuata. Ndoo kumi na moja ziligeuzwa, wanawake kumi na mmoja wakaketi, kila mmoja akitaja jina na lile neno.

Wa kumi na mbili alitoka kata ya jirani, ana mtoto mgongoni. Alisimama akawatazama kwa huruma. Akaitazama njia ya Kwamkole iliyopanda hadi kupotea juani. Akaitazama simu yake. Akawazunguka wale wanawake taratibu, kwa adabu, akichunga asimkanyage mtu.

"Poleni sana, dada zangu," alisema, akaitega ndoo yake. "Lakini wangekuwa wamekufa, serikali si ingejua?"